Kufungua nati na bolti zilizoshikana kwenye gari la zamani bila kuliharibu

Magari ya zamani yanayofufuliwa Kisumu, Kakamega au Nakuru huwa hasa Peugeot 504, Land Rover za Series, Volkswagen Beetle na pikapu za Datsun. Mara nyingi injini zake bado zinaweza kuokolewa, na kinachokwamisha kazi ni nati na bolti zilizokaa miaka mingi bila kuguswa, ambazo sasa zimekuwa kitu kimoja na chuma kilichozibeba. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzifungua kwa mpangilio unaoanza na njia zisizo na madhara na kumalizia na zile ambazo haziruhusu kurudi nyuma.

Kabla ya kushika spana, amua ni kipande kipi uko radhi kukipoteza. Nati huuzwa kwa shilingi chache katika duka lolote la vifaa, na stadi (bolti isiyo na kichwa, ambayo nati hufungwa juu yake) iliyokosekana dukani inaweza kuchongwa na fundi wa mashine ya kukereza. Kichwa cha silinda cha alumini, kalipa ya breki au manifoldi ya gari lililokoma kutengenezwa miongo kadhaa iliyopita ni jambo jingine, kwa kuwa huenda ukakitafuta kipuri hicho hadi Nairobi na Mombasa na kurudi mikono mitupu. Kwa hiyo kila uamuzi unaofuata, uwe wa mafuta, nyundo, moto au msumeno, uelekezwe kwenye kipande cha bei rahisi ili kile cha thamani kibaki kizima.

Hatua ya kwanza: tambua kilichoishika

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, zaidi ya mara mbili, na ndiyo maana nati iliyofungwa kwa nguvu ya kawaida hukazika yenyewe kadiri miaka inavyopita. Maji ya Ziwa Victoria si ya chumvi, kwa hiyo gari lililokaa Kisumu maisha yake yote huwa na kutu ya wastani likilinganishwa na lililotoka Pwani; adui wake mkubwa ni udongo mwekundu wa barabara za murram, ambao hujazana ndani ya chesi na juu ya nati za springi na kutunza unyevu kwa wiki nzima baada ya mvua kukatika. Gari lililolazwa upande wa Nakuru linahitaji macho ya ziada kwenye sehemu za alumini, kwa sababu vumbi linalopeperushwa kutoka ukingo wa ziwa lina magadi, na magadi yakichanganyika na unyevu hula alumini.

Kutu ya kawaida, ya chuma kwa chuma, huitikia mafuta na subira. Bolti ya chuma iliyozama ndani ya alumini hushikwa na unga mweupe unaotokana na metali hizo mbili kugusana penye unyevu, na unga huo haupitishi mafuta kwa urahisi, hivyo joto ndilo litakalofanya kazi zaidi. Nati za manifoldi ya ekzosti zimepikwa na kupoa mara nyingi mno, na stadi zake zimekonda na kudhoofika. Hizo uzihesabu kuwa zitakatika, ukafurahi zisipokatika. Ziko pia bolti zilizopakwa gundi ya kushikilia nyuzi (ile mikato inayozunguka bolti) kiwandani au na fundi wa awali. Aina kali ya gundi hiyo hulainika kwenye joto la takriban nyuzijoto 250, wala haijali utaimwagia mafuta kiasi gani.

Hatua ya pili: hakikisha kipimo na upande wa kufungulia

Peugeot, Volkswagen na Datsun hutumia milimita. Land Rover za Series hutumia inchi, na humo kuna nyuzi za mifumo zaidi ya mmoja, ukiwemo ule uliotokana na kazi ya Joseph Whitworth wa mwaka 1841, ambao pembe ya nyuzi zake ni digrii 55 badala ya 60. Jambo hili huharibu nati nyingi kuliko kutu. Nati ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7, na spana ya 13 itaivaa na kuonekana kana kwamba imefaa, ilhali ule uwazi wa sehemu tatu za kumi za milimita unatosha kulainisha kona zote sita pindi unapoongeza nguvu. Ya inchi 9/16 ina milimita 14.29, maana yake 14 haiingii na 15 inacheza. Tafuta spana za inchi, hata za kuazima, kabla hujaigusa Land Rover.

Soketi iwe ya kona sita, si kumi na mbili, na iingie hadi chini. Spana ya flati isitumike kwa kufungulia nati iliyoshikana, kwa kuwa hushika kona mbili tu na mdomo wake hupanuka. Iache kwa kazi ya kuzungusha nati ambayo tayari imelegea.

Upande wa kufungulia nao uthibitishwe. Fimbo za stelingi kwa kawaida zina mwisho mmoja wenye nyuzi za kushoto, ili fimbo ikizungushwa irefuke au ifupike, na baadhi ya malori na magari ya zamani yana nati za magurudumu za upande wa kushoto zinazofunguka kinyume na mazoea. Ukiona nyuzi zimetokeza upande wa pili wa nati, zisafishe na uangalie zinapandia wapi.

Hatua ya tatu: safisha, kisha loweka

Sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, ukichokonoa tope kwa ncha ya bisibisi kuzunguka shina la nati. Ile sehemu ya nyuzi inayochungulia nje ya nati ndiyo isafishwe kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa nati italazimika kupita hapo, na wengi huishinda nusu mzunguko wa kwanza kisha wakaikata bolti kwenye kutu iliyoachwa mbele ya njia. Rangi iliyopita juu ya nati na kuingia kwenye bati ikatwe kwa wembe, la sivyo itabanduka na kipande kikubwa cha rangi ya bodi.

Kuhusu mafuta, kila gereji ina imani yake. Dizeli hupenya, ila polepole. WD-40, iliyobuniwa Marekani mwaka 1953, ilikusudiwa kufukuza maji, na ingawa ni bora kuliko kutotia chochote, mafuta yaliyotengenezwa mahususi kwa kupenya kutu huishinda. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki hufanya kazi nzuri sana kwa gharama ndogo, lakini viwili hivyo havikai pamoja, kwa hiyo tikisa chupa kila unapotia, tumia chupa ya chuma au kioo, ukae mbali na moto, na usiruhusu tone liangukie rangi au mpira. Mafuta ya breki, ambayo mafundi wengi wa jua kali huyategemea, yanatafuna rangi. Kwenye gari unalotaka kulihifadhi sitayapendekeza.

Kiasi cha mafuta si muhimu kama muda wake. Tia jioni, gonga kidogo, tia tena asubuhi, na urudie hivyo siku mbili au tatu kabla ya kujaribu spana. Pale ambapo bolti imesimama wima na mafuta yanateleza na kupotea, finyanga kamba nyembamba ya puti au ya unga wa ngano uliokandwa, izungushe kuzunguka kichwa cha bolti ili kupata kibwawa kidogo, kisha kijaze. Ukirudi ukakuta kibwawa kimepungua na kuna alama ya unyevu upande wa chini, mafuta yamepita katika nyuzi zote na kazi kubwa imekwisha. Kikikaa vilevile, hakuna njia iliyofunguka, na spana itakayotumika hapo itakata bolti.

Hatua ya nne: nyundo

Pigo fupi na kali kwenye kichwa cha bolti, likielekea moja kwa moja kwenye mhimili wake, huvunja kutu na kufungua vijia vya mafuta. Weka kipande cha shaba au chuma laini kati ya nyundo na bolti, na piga mara nyingi kwa nguvu ya wastani badala ya mara moja kwa hasira. Stadi isigongwe kwenye ncha tupu. Rudisha nati hadi isawazike na ncha hiyo, au vaa nati ya zamani juu yake, ili nyuzi zisibondeke. Nati yenyewe inaweza kugongwa ubavuni, mradi upande wa pili ushikiliwe na nyundo nyingine nzito. Usigonge chochote kinachokalia bearingi, na usigonge masikio ya alumini au chuma cha kutupwa ambayo hayana kitu cha kuyaegemeza, kwani hupasuka bila onyo.

Skrubu za msalaba na za mkato, kama zile za bawaba za milango na za kushikilia dramu ya breki, zina dawa yake: bisibisi ya kugongwa, ambayo hubadilisha pigo la nyundo kuwa mzunguko huku ikiikandamiza ncha ndani ya skrubu. Ni kifaa cha bei nafuu na sijui fundi wa magari ya zamani anaishije bila hicho.

Hatua ya tano: spana, na kuisikiliza

Anza kwa kufunga. Mkazo mdogo wa upande wa kukazia, robo ya nguvu ulizonazo, hukatiza ule mshiko wa kwanza, na ukisikia mlio mfupi wa kukatika kwa kutu geuza upande na uanze kufungua. Nati ikisogea, usiikimbize. Ifungue kidogo, irudishe, tia mafuta, ifungue zaidi ya pale ulipofika, uirudishe tena, hivyo hivyo mpaka vumbi la kutu litoke likiwa limechanganyika na mafuta kama uji wa wimbi. Kila unapoongeza mzunguko mbele bila kurudi, unalisukuma vumbi hilo likajazane na kubana upya.

Jifunze kutofautisha nati inayozunguka na bolti inayojipinda. Nati inayozunguka hukwaruza au hulia, na mpini ukiuachia unabaki pale ulipofika. Bolti inayojipinda huja kwa ulaini wa kushangaza, kama inakubali, kisha ukiuachia mpini unarudi nyuma kidogo. Hapo simama, ukiendelea, itakatika. Rudi kwenye mafuta au nenda kwenye joto.

Mpini mrefu una mahali pake. Nati ya ekseli ya nyuma ya Beetle, ya milimita 36, hukazwa kwa takriban nyutoni-mita 300, nguvu ambayo mtu wa kilo 75 huipata akisimama sentimita 40 kutoka kwenye nati. Bila bomba la kurefushia haitafunguka, na ilegezwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake manne, baada ya kuondoa pini iliyopenya katikati. Lakini bolti ya milimita 8 hukazwa kwa takriban nyutoni-mita 25 tu, yaani uzito wa kilo 10 kwenye spana ya sentimita 25, na ukiiwekea bomba lilelile utaikata kabla hujahisi chochote. Magari mengi ya 504 yaliyobeba abiria kati ya Nairobi, Nakuru na Kisumu yalifungwa kwa mabomba ya namna hiyo kwa miaka, jambo linaloeleza hali ya stadi zake leo.

Kwa kazi yoyote ya chini ya gari, liweke juu ya stendi imara. Jeki pekee haistahimili msukosuko wa mtu anayevuta mpini kwa nguvu zake zote.

Hatua ya sita: joto

Joto lipelekwe kwenye kipande cha nje, yaani nati au chuma chenye tundu, ili kipanuke kuliko bolti iliyo ndani. Kwa nati ya chuma juu ya stadi ya chuma, moto mdogo na mkali wa gesi ya kuchomelea ni bora kuliko tochi pana, kwa sababu unataka nati ipate joto kabla stadi haijalipata. Ikianza kuwa nyekundu hafifu, ondoa moto, subiri kidogo na ujaribu spana.

Nta ya mshumaa ni msaidizi wa ajabu katika hatua hii. Nati ikiwa imepoa kiasi kwamba haimetameti tena lakini bado inaunguza, gusisha mshumaa pale inapokutana na bolti. Nta huyeyuka papo hapo, hung'aa kama maji kuzunguka nyuzi, kisha unaiona ikinyonywa ndani na mng'ao ule kutoweka. Ongeza mpaka igome kuingia. Ikitoa moshi mwingi au kushika moto, chuma kina joto kupita kiasi, ngoja.

Alumini inahitaji mkono mwepesi. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 bila kuwa nyekundu kwanza, hivyo jicho halitakuonya. Bahati nzuri haihitaji joto hilo, kwa sababu hupanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukiipasha sehemu inayozunguka bolti ya milimita 8 hadi nyuzijoto 150, hali ambayo tone la maji huchemka na kuruka mara moja, tundu litakuwa limeipita bolti kwa takriban sehemu moja ya mia ya milimita, na hiyo yatosha kuachanisha ule unga mweupe. Pasha eneo pana, polepole, ukizungusha moto, la sivyo kichwa cha silinda kitajipinda.

Usiwashe moto karibu na tangi la petroli, kabureta, mabomba ya breki, shokabsoba, mipira ya busha wala bearingi. Futa mafuta yote ya kupenya kwanza, na kama sehemu hiyo ilisafishwa kwa dawa ya breki yenye klorini usiipashe kabisa, kwa sababu moshi wake una sumu inayoweza kuua. Mtungi wa kuzimia moto au ndoo ya mchanga iwe pale ulipo. Bolti ngumu za sasipensheni na za stelingi zikishapita motoni zimepoteza ugumu wake, kwa hiyo zitupwe na zibadilishwe kwa za daraja lilelile lililoandikwa kichwani, kama 8.8 au 10.9.

Plagi na nipoli za breki

Plagi kwenye kichwa cha alumini, kama cha 504 au Beetle, zifunguliwe injini ikiwa baridi. Ikikaza baada ya robo mzunguko, ifunge tena, tia mafuta kuizunguka na uiache hadi kesho yake.

Nipoli ya kutolea hewa ina tundu katikati na kwa hiyo hujibana kama mrija ikisokotwa. Ingiza ndani ya tundu hilo shina la drili linaloenea barabara, gonga kwa taratibu, kisha tumia soketi ya kona sita. Nati za mabomba ya breki zinahitaji spana yake maalumu, ile ya ringi yenye ufa wa kupitisha bomba, na bomba likianza kuzunguka pamoja na nati acha kulipigania: likate, ufungue nati kwa soketi, na utengeneze bomba jipya. Bomba la breki lenye umri wa miaka 50 halistahili huruma.

Nati ikigoma, au bolti ikikatika

Nati iliyogoma baada ya yote haya itolewe kafara. Ikate kwa msumeno wa chuma sambamba na bolti, ukisimama kabla ya kufika kwenye nyuzi, kisha ipasue kwa patasi. Dakika kumi, na stadi inabaki.

Stadi ikikatika na kubakiza kimo, ondoa kwanza kipande ilichokuwa imekishika. Mara nyingi mkazo ukishatoka, kisiki hutoka kwa vaisigripu (koleo linalojifunga), au kwa nati mbili zilizokazwa moja dhidi ya nyingine kama nyuzi bado nzima. Ikikatika sawasawa na uso wa chuma, mpelekee fundi wa kuchomelea mwenye mkono mtulivu, na katika soko la Kibuye, Kisumu, hawakosekani. Aweke nati juu ya kisiki na kuijaza katikati kwa madoa mafupi ya kuchomelea. Joto la kazi hiyo lenyewe hulegeza kutu, na chuma cha kuchomelea hakishikani na alumini iliyo kando. Ondoa nyaya za betri na za oltaneta kwanza, na waya wa ardhi ubanwe karibu na kazi.

Kutoboa kuwe njia ya mwisho. Kata uso wa kisiki kwa tupa uwe bapa, tia alama katikati kabisa, anza na drili nyembamba na upanue kwa hatua. Kwa bolti ya milimita 8 yenye nyuzi zilizoachana kwa milimita 1.25, tundu la milimita 6.8 huacha ganda jembamba la nyuzi za zamani linaloweza kung'olewa kwa ncha kali. Kifaa cha kung'olea kinachojikita kwa nyuzi za kushoto sikiamini kwa bolti iliyoshikwa na kutu, kwa sababu ni kigumu na drili ya kawaida haikitoboi kwa urahisi, na kikikatikia ndani umeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Tundu likiharibika, nyuzi za koili ya chuma cha pua ni tengenezo la kudumu. Fuata kipimo cha drili kilichoandikwa kwenye seti yake.

Kurudishia

Safisha nyuzi za tundu kwa tapu (kifaa cha kuchongea nyuzi) ya kusafishia, ukiipitisha kwa mkono na mafuta, wala usikate chuma kipya. Bolti ianze kwa vidole kwa mizunguko kadhaa kabla ya spana. Paka grisi ya shaba kidogo kwenye nyuzi za chuma zinazoingia alumini na kwenye stadi za ekzosti, na hizo za ekzosti zivae nati za shaba, ambazo hazishikani kwa kutu na stadi ya chuma. Nyuzi zilizopakwa grisi hukazika zaidi kwa nguvu ileile, kwa hiyo punguza kipimo cha spana ya torki chini ya kile kilichotajwa kwa nyuzi kavu. Endesha gari kilomita chache, liache lipoe kabisa, kisha uzipitie tena nati za manifoldi.